Mafuta Yakikosa Pa Kukaa

Mhadhara wa wazi uliotolewa Kilosa, mkoani Morogoro

    

Barua ya mwaliko ilisema mada ni kisukari na lishe. Mada hiyo mmeshaisikia mara nyingi: punguza wanga, acha soda, fanya mazoezi. Sikuja kuirudia. Nimekuja kusimulia kazi ya kisayansi ambayo sehemu yake kubwa imefanywa na Watanzania wenzetu, na ambayo hapa wilayani haifahamiki hata kwa wale wanaopima sukari za watu kila asubuhi. Madhumuni yangu ni kuonyesha kwamba elimu ya insulini na mafuta ya mwilini imekua kwa kwenda na kurudi kati ya maabara na kijiji, na kwamba hatua inayofuata ya safari hiyo inapaswa kupigwa hapa, kati ya Kilosa na Mikumi. Nina hoja tano. Mbili za kwanza ni za ndani ya mwili. Wazee wangu naomba mnivumilie, maana bila hizo mbili, tatu zinazofuata hazitasimama.

Hoja ya kwanza: insulini hubisha hodi

Wengi wetu tunaijua insulini kama dawa ya sindano. Ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Januari 1922 kijana aitwaye Leonard Thompson akawa mgonjwa wa kwanza kuchomwa sindano hiyo. Kabla ya hapo mtoto aliyepata kisukari alikuwa anakonda mpaka anakufa, na daktari anatazama. Kwa ushindi huo watu wakaamini kwamba kisukari chote ni upungufu wa insulini.

Mwaka 1936 Harold Himsworth, daktari wa London, aliwapa wagonjwa wake glukosi na insulini kwa wakati mmoja. Kwa baadhi yao sukari ilishuka. Kwa wengine insulini ile ile, kwa kipimo kile kile, ilifanya kazi ndogo sana. Ilipofika 1960, Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa New York wakiwa wamegundua njia ya kupima insulini yenyewe ndani ya damu, wakaona jambo lililowashangaza wengi: watu wazima wenye kisukari mara nyingi walikuwa na insulini tele. Dawa ilikuwemo mwilini mwao. Haikuwa inasikilizwa.

Nieleze inavyokwenda. Ukishakula ugali wako, glukosi inaingia kwenye damu, na seli beta za kongosho zinaachia insulini. Insulini inafika kwenye msuli na kubisha hodi. Seli ya msuli haina mlango wa glukosi uliosimama ukutani muda wote. Milango yake, ambayo wataalamu wanaiita GLUT4, imewekwa ndani, kama vitu vya stoo. Hodi ikisikika, milango inaletwa ukutani na glukosi inapita. Hodi isiposikika, milango inabaki stoo na sukari inabaki nje, kwenye damu, ikiharibu macho, figo na mishipa ya miguu. Kongosho nalo halikati tamaa mara moja. Linabisha kwa nguvu zaidi, mwaka hadi mwaka, mpaka linachoka. Siku linapochoka ndiyo siku mgonjwa anapofika kliniki, na sisi tunamwandikia kwamba ugonjwa umeanza leo, kumbe una miaka kumi ndani ya nyumba.

Liko jambo ambalo ningependa kila mkulima aliyemo humu aondoke nalo. Msuli unaofanya kazi huleta milango hiyo ukutani wenyewe, bila kusubiri insulini. Mtu anayelima kwa jembe, anayetwanga, anayepandisha mzigo mlimani, anaingiza sukari msulini kwa njia ya pili ambayo ugonjwa huu hauifungi kwa urahisi. Tutairudia njia hiyo.

Hoja ya pili: mafuta ni kiungo, na kiungo kinahitaji nafasi

Kwetu mtu akinenepa tunasema amenawiri. Akikonda tunauliza kimemsibu nini. Vijana wa siku hizi wamerukia upande wa pili, wanayaona mafuta kuwa uchafu wa kuondolewa. Sayansi haikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili.

Wapo watu wachache duniani wanaozaliwa karibu bila tishu ya mafuta kabisa. Ngozi imelala juu ya msuli, mishipa inaonekana. Ungedhani hao wako salama na kisukari kuliko watu wote. Wanakipata, tena mapema na kikali, na wanahitaji insulini nyingi kupita kiasi. Kwa nini? Jibu lake mkulima wa Rudewa analijua bila kwenda chuo. Mahindi yakiwa mengi na kihenge ni kidogo, yanamwagwa chumbani, jikoni, chini ya kitanda. Panya wanaingia, fangasi wanaingia, nyumba haikaliki. Tishu ya mafuta chini ya ngozi ndiyo kihenge cha mwili. Inapokuwa na nafasi, mafuta yanakaa humo kwa amani na kutolewa siku ya njaa. Inapojaa, au mtu anapozaliwa na kihenge kidogo, mafuta yanakwenda yasikostahili: kwenye ini, kwenye misuli, kuzunguka matumbo. Ndiyo maana Jean Vague, daktari wa Marseille, Ufaransa, aliandika mwaka 1947 kwamba mahali mafuta yanapokaa mwilini panaeleza maradhi kuliko wingi wake. Mwaka 1994 timu ya Jeffrey Friedman kule New York ikatambua leptini, homoni inayotolewa na mafuta yenyewe kuuarifu ubongo ghala lina kiasi gani. Tangu hapo hakuna mtaalamu anayeweza kuyaita mafuta mzigo usio na kazi.

Sasa mafuta yaliyoingia msulini yanaizimaje hodi? Kwa swali hili ningependa mlijue jina la Mtanzania mwenzetu, Dk. Fredirick Mashili. Ni daktari aliyekwenda kusoma shahada ya uzamivu katika taasisi ya Karolinska, Stockholm, Uswidi, akiwa na watafiti Juleen Zierath na Anna Krook, magwiji wa msuli na insulini. Mwaka 2011 yeye na wenzake walichapisha kazi juu ya FGF21, homoni inayotoka hasa kwenye ini. Walikuta kwamba watu wenye kisukari wanayo kwa wingi zaidi katika damu, na kwamba seli za misuli ya binadamu zilizokuzwa maabara, zikiwekewa homoni hiyo, ziliingiza glukosi zaidi. Mwili, kwa maneno mengine, una wajumbe wengine wanaobisha hodi pamoja na insulini, na kwa mgonjwa hao nao wamepaza sauti.

Kazi yake ya mwaka 2013, iliyotoka katika jarida la kisayansi la Diabetes, ndiyo ninayoipenda zaidi. Ilihusu protini iitwayo STAT3, ambayo ni mojawapo ya swichi za uvimbe, ule moto wa kinga ya mwili. Katika misuli ya wagonjwa wa kisukari swichi hiyo ilikutwa imewashwa. Walipolisha seli za misuli mafuta mengi maabara, swichi iliwaka na insulini ikapungua nguvu. Walipoinyamazisha STAT3 kabla ya kulisha mafuta, insulini iliendelea kusikika. Tafakarini hilo, wanafunzi wangu. Mafuta hayakuziba mlango kama takataka zinavyoziba mfereji. Yaliwasha moto, na ni moto ulioifanya seli isisikie hodi.

Baada ya Stockholm alirudi Muhimbili, katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi, kufundisha fiziolojia. Na mwaka 2018 jina lake linaonekana kwenye kazi ya namna nyingine kabisa: kupima ni kwa kiasi gani Watanzania wa vijijini na mijini wanautumikisha mwili, kwa takwimu za uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012. Mtu anaweza kusema ameacha sayansi ngumu akachukua nyepesi. Mimi nasema amefuata swali lake lilikokwenda. Msuli aliouona ndani ya kisahani cha maabara ni huu huu unaoshika jembe Zombo na kukaa nyuma ya usukani Mikumi, na hakuna maabara inayoweza kukuambia watu wangapi wameacha jembe.

Hoja ya tatu: kijiji kimeifundisha maabara

Kabla ya kizazi cha Mashili walikuwepo waliotembea kwa miguu. Kuanzia mwaka 1981, pale Muhimbili, Profesa Donald McLarty na wenzake, akiwemo Andrew Swai ambaye baadaye naye akawa profesa na kiongozi wa Chama cha Kisukari Tanzania, waliandikisha wagonjwa wapya wa kisukari 1,250 katika miaka michache na kuwafuatilia mmoja mmoja. Wakati huo vitabu vya kigeni vilisema kisukari ni nadra Afrika. Wao wakauliza: nadra kwa kipimo kipi?

Wakaondoka hospitalini. Walikwenda kwenye vijiji sita vya mikoa ya Kilimanjaro, Mara na huu wetu wa Morogoro, wakawapima watu zaidi ya 6,000 wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Watu waliamka bila kula, wakatolewa damu, wakanywa glukosi ya gramu 75, wakasubiri saa mbili, wakatolewa damu tena. Fikirieni kazi ya kuwashawishi watu 6,000 wakae na njaa na kutobolewa mara mbili, katika miaka ile ya uhaba wa kila kitu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1989: wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila watu 100.

Timu hiyo iliondoa pia kosa moja kubwa. Palikuwa na dhana, iliyobebwa hata na vitabu vya kitabibu, kwamba muhogo wenye sumu ya sianidi unaharibu kongosho na kuleta kisukari. Wakaenda kijiji cha mkoa wa Mara ambako watu walikuwa wamekula muhogo mchungu kwa miaka mingi, wakakilinganisha na kijiji ambako muhogo huliwa kwa nadra. Mmoja wa walioshiriki ni Hans Rosling, yule Mswidi aliyekuja kujulikana duniani kwa kueleza takwimu. Matokeo ya mwaka 1992 yalikuwa wazi: wala muhogo hawakuwa na kisukari zaidi. Mama yeyote aliyeko hapa aliyewahi kuambiwa aache muhogo kwa sababu unaua kongosho, aambiwe kwamba Watanzania walilipima jambo hilo, na halikuthibitika. Muhogo mchungu unahitaji kuandaliwa vizuri kwa sababu nyingine, sumu hiyo hupoozesha miguu. Lakini kongosho tuliondoe kwenye mashtaka.

Miaka ya 1990 wakapima Ilala, Dar es Salaam, na kijiji cha Shari, wilaya ya Hai. Ilala wanaume wenye kisukari walikuwa 5.9 katika kila 100, Shari 1.7. Wanawake Ilala 5.7, Shari 1.1. Nchi ni moja, lugha moja, ugali mmoja, na tofauti ni zaidi ya mara tatu.

Na sasa nifike kwenye utafiti ambao kwa mtu wa Kilosa ndio mtamu kuliko yote, kwa sababu ulifanyika kwa jirani zetu wa Morogoro Vijijini. Nigel Unwin, McLarty na wenzao walijiuliza: mtu anapohama kutoka kijijini kwenda Dar es Salaam, nini kinabadilika kwanza? Badala ya kuwalinganisha watu wa mjini na wa kijijini, ambao huenda wanatofautiana kwa mengi, waliwatafuta watu waliokuwa wanajiandaa kuhama. Walipata 209, wanaume 103 na wanawake 106. Wakawapima wakiwa bado nyumbani, mizigo haijafungwa, halafu wakawafuata mjini.

Baada ya miezi 12 uzito ulikuwa umeongezeka kwa wastani wa kilo 2.3 na ushei, kwa wanaume na kwa wanawake. Kijijini karibu wanaume 8 katika 10 walikuwa wakifanya kazi nzito za mwili. Mjini walibaki kama mmoja katika wanne. Chakula? Hapa kuna la kutuzuia tusikimbilie hukumu: mjini walikula nyama na matunda mara nyingi zaidi kuliko walivyokula kwao. Mji haukuwaharibia kila kitu. Uliwaondolea jembe. Kumbukeni ile njia ya pili ya sukari kuingia msulini, isiyohitaji hodi. Hiyo ndiyo iliyofungwa kwanza.

Dada yetu Julia Mbalilaki, akishirikiana na watafiti wa Norway na Uswidi, alilipima jambo hilo kwa nishati na kuchapisha mwaka 2010. Wamasai aliowapima walitumia kilokalori 2,565 kwa siku juu ya zile ambazo mwili unahitaji ukiwa umepumzika. Wakulima wa kijijini walitumia 1,500. Watu wa mjini, 891. Wafugaji wa Kimasai wa Parakuyo mlioko nyuma pale, huenda hiyo ndiyo siri ya baba zenu kula mafuta ya ng'ombe na damu ikabaki safi kuliko ya karani wa mjini. Kijana atakayeendelea na maziwa na nyama lakini akapanda pikipiki kwenda machungani, sijui kwa nini ategemee bahati ya baba yake.

Wa mwisho katika msafara huu ni Godfrey Temba, wa kituo cha tiba cha KCMC, Moshi, akifanya kazi na Quirijn de Mast wa Uholanzi. Mwaka 2021 walionyesha kwamba Watanzania wazima wa mjini wana moto wa kinga uliowaka zaidi kuliko wa kijijini, na kwamba chakula kina mkono wake. Mwaka 2025, katika jarida la Nature Medicine, walileta jaribio lenyewe. Wanaume vijana 77 wa Kilimanjaro. Wa kijijini waliozoea ndizi, maharage, mboga za majani na ulezi walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye chakula cha kizungu: soseji, mkate mweupe, chipsi. Wa mjini walirudishwa kwenye chakula cha wazee. Kundi la tatu lilikunywa mbege, kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, kwa wiki moja. Wiki mbili tu! Waliohamia chakula cha kigeni walinenepa, protini za uvimbe zikapanda katika damu, na kinga yao ikawa dhaifu mbele ya vijidudu. Waliorudi kwenye chakula cha asili, moto ulipoa, na baadhi ya mabadiliko yalionekana bado wiki nne baadaye.

Mimi nazisoma kazi za Mashili na Temba kama barua mbili zinazojibizana. Mmoja, akiwa Stockholm, anasema mafuta yakizidi msulini huwasha swichi ya uvimbe na insulini haisikiki. Mwingine, akiwa Moshi, anasema chakula kikibadilika kwa siku 14 uvimbe unawaka katika damu ya kijana mzima. Katikati ya barua hizo pana nafasi ya utafiti ambao haujaandikwa.

Hoja ya nne: mwembamba naye apimwe

Hapa nina deni la kulipa. Nikiwa tabibu kijana, katika zahanati moja, alikuja mama mkulima, mwembamba, amevaa kanga iliyochakaa. Alilalamika kiu, kukojoa usiku na kuwashwa. Nilimtibu maambukizi ya njia ya mkojo na kumrudisha nyumbani. Sikumpima sukari. Kichwani mwangu kisukari kilikuwa cha wenye magari na vitambi. Baada ya wiki tatu waliniletea mama yule kwa machela, hajitambui. Alipona, lakini jicho moja halikurudi sawasawa. Tangu siku ile sijaamini tena macho yangu mahali ambapo kuna kipimo.

Yaliyochapishwa miaka ya karibuni yananipa haki ya kulisema hili kwa sauti. Nchini Uganda, Davis Kibirige na wenzake walikuta kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu waliogundulika na kisukari cha ukubwani hakuwa na uzito uliozidi. Kwa watu hao tatizo ni zaidi la kongosho kutoa insulini kidogo kuliko la msuli kutosikia. Mwaka 2025 utafiti mwingine wa Kamerun, Uganda na Afrika Kusini, kwa watoto na vijana 894 ambao wote waliitwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza, ulionyesha kwamba takriban 65 katika kila 100 hawakuwa na zile alama za kinga ambazo ndizo sifa ya aina hiyo. Mwaka huo huo, mwezi Aprili, kule Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliitambua rasmi aina ya tano ya kisukari, inayotokana na utapiamlo.

Chanzo cha kisukari cha wembamba huenda kimeanzia tumboni mwa mama. Mwaka 1992 Nicholas Hales na David Barker wa Uingereza walitoa hoja kwamba mtoto aliyepata chakula kidogo akiwa tumboni huzaliwa na kongosho lisilokamilika vizuri na mwili uliojipanga kuishi kwa uhaba. Akikutana na shibe ukubwani, anaelemewa haraka. Wazee wa wilaya hii mnaikumbuka miaka ya ukame na ile ya Mto Mkondoa kufurika na kubeba mashamba. Watoto waliozaliwa miaka ile leo ni watu wazima wenye familia. Wanaendesha bodaboda, wanauza chipsi, wanakunywa soda wakisubiri abiria. Kihenge chao ni kidogo, na mvuno wa mafuta umekuja kwa wingi.

Hoja ya tano: kipimo kinachofuata kiwe hapa

Sitairefusha, maana ushahidi uko nje ya mlango. Taja wilaya nyingine nchini ambako ndani ya mwendo wa siku moja unawakuta wakulima wa jembe kwenye milima ya Ukaguru na Rubeho, wafugaji wa Parakuyo, vibarua wa mkonge Kimamba, wakata miwa wa Ruhembe, na Mikumi, mji wa barabara kuu ya Zambia, ambako dereva wa lori anakula saa tano usiku na kulala kwenye kiti chake. Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, ina miaka zaidi ya 60, na tembo wake wamehesabiwa mara nyingi. Viuno vya watu wa Mikumi havijahesabiwa kwa uangalifu wa namna hiyo. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inapita Kilosa kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na kuhama ambako Unwin alikusubiri kwa miezi, leo kunafanyika kwa saa chache, kwenda na kurudi.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa takriban watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Msiiweke namba hiyo kando ya ile ya 1989 mkasema ugonjwa umeongezeka mara kumi. Umri wa waliopimwa na njia ya kupima havikufanana. Lakini hata ukiipunguza kwa nusu, bado ni wagonjwa wengi kuliko kliniki zetu zinavyoweza kuwaona. Na kwa Kilosa yenyewe hatupaswi kuishi kwa namba za kukopa.

Ninachopendekeza kwa viongozi mliopo ni daftari moja. Kaya zilizochaguliwa kutoka mlimani, malishoni, kwenye miwa na barabarani Mikumi, zipimwe uzito, kiuno, sukari na kazi za mwili, halafu zirudiwe mwaka hadi mwaka, hata mtu akihama. Wanafunzi wa taaluma za afya wanaweza kuifanya kazi hiyo kama sehemu ya mafunzo yao. Watafiti wa Ilonga, kituo kilichoanza kabla ya Uhuru na kinachotupa mbegu za mtama na mikunde, wakae meza moja na waganga, kwa sababu mbegu ya mtama inayofika mezani huenda ikatusaidia na mbegu inayoishia kwenye chakula cha kuku haitusaidii sana. Muhimbili na KCMC waalikwe baadaye kidogo, daftari likiwa tayari limeshaanza, ili waje kwa maswali yetu pamoja na yao. Na wagonjwa wanaotumia insulini vijijini bila jokofu wafundishwe kuhifadhi chupa ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa maji, kivulini. Joto la Kilosa linaua dawa hiyo kimyakimya, na mgonjwa analaumiwa kwamba amekula vibaya.

Kwenu wanafunzi nina neno la mwisho. Mashili alitoka kwenye darasa kama lenu. Swai alitembea vijiji kama hivi akiwa na sanduku la vipimo. Kati yenu yupo atakayetuambia kwa nini mama yule mwembamba aliugua na jirani yake mnene akabaki mzima. Simjui jina, lakini nimemtayarishia mahali pa kuanzia.

Pale mlangoni wauguzi wameweka meza mbili. Kuna mzani, futi ya fundi ya kupimia kiuno, na vipimo vya sukari. Aliyekula asubuhi aseme alikula saa ngapi. Wembamba, naomba mtangulie kwenye foleni.